Mirija Miwili ya Mwanahawa binti Juma

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya chupa chafu na brashi yenye mkia mrefu. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, shati langu limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na njia nzima nilikuwa najiona nimekaa mbele ya hadubini. Mpimaji Mkuu wa maabara ile ya Dar es Salaam, mtu wa Pangani mwenye sauti ya chini, alilitazama shati, akaitazama ndoo, akasema, “Livue hilo, utalililia.” Nikalivua. Nikaosha chupa kwa miezi sita.

Ninyi vijana wa maabara wa leo mnabonyeza kitufe na majibu yanatoka yamechapwa. Nawaonea wivu kidogo, sitaficha. Lakini mmeniomba nieleze kazi ilivyokuwa wakati wetu, miaka ile ya baada ya vita vya pili, na mimi nikianza kueleza sijui kukatisha. Vumilieni.

Mpimaji Mkuu alikuwa na sheria chache na hakuzirudia mara mbili. Chupa ioshwe mara tatu kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji ya mvuke. Mkono usiingie mdomoni. Na kila kibandiko kinachobandikwa kwenye mrija kiandikwe kwa penseli.

“Kwa nini si kwa wino, bwana?” nilimuuliza, maana wino niliuona ndio wa watu waliosoma.

“Wino mwandikie mchumba wako,” alisema. “Hapa penseli.”

Sikuelewa, na kwa kiburi cha ujana sikuuliza tena.

Nilipohitimu ndoo nilifundishwa kumtafuta amiba. Huyu ni kijidudu cha chembe moja, hana umbo maalumu, anajivuta kwenye kioo kana kwamba anatafuta kitu alichodondosha. Anakaa kwenye utumbo mpana. Kwa watu wengi anakaa kimya na mwenyewe hajui kama ana mpangaji. Kwa wengine anatoboa utumbo, mtu akaharisha damu na kamasi. Na kwa wachache anapanda na damu hadi kwenye ini, akafanya jipu huko ndani. Hao ndio waliokuwa wakifa, kwa sababu jipu la ini likipasuka huna la kufanya.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Chalinze. Malori yalikuwa yakisimama pale, madereva wakila mikahawani, na Bwana Afya aliyenisimamia alitaka kujua amiba anasafiri na nani. Tuligawa vikopo vya bati vyenye vifuniko, kila mtu arudishe choo chake asubuhi. Mjue kwamba kumwambia mtu mzima mwenye kofia ya kiua akuletee choo chake kwenye kopo ni kazi inayotaka adabu kuliko elimu. Bwana Afya hakuwa na adabu hiyo, kwa hiyo alinituma mimi.

Kutoka hapo tukaenda Ubena, si mbali na hapo. Huko ndiko kazi ya vikopo ilikotushinda. Katika nyumba moja nilipewa vikopo vinane, vya mzee, wake zake na watoto. Nilivipima vyote, vyote vina amiba, vyote vina mayai ya tegu yale yale, na vyote vina mbegu za pilipili. Nikarudi kuuliza kwa upole. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

“Wenzangu waliona haya,” alisema. “Nikawasaidia.”

Bwana Afya alipandwa na hasira. Lakini Bwana Daktari aliyekuwa mkuu wa uchunguzi mzima aliposimuliwa hakukasirika. Alikuwa Mwingereza mrefu, aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akikisema kwa usahihi uliotutia haya sisi wenye lugha. Alitwambia, “Choo huazimwa. Damu haiazimwi. Tutapima damu.”

Basi niwaeleze kipimo chenyewe, maana ninyi hamtakiona tena. Mwili ukivamiwa na amiba, damu inatengeneza kitu cha kupambana naye. Siku hizi mnakiita kingamwili; Mpimaji Mkuu alikiita askari. Askari hawa hawaonekani hata kwa hadubini, inabidi uwategee. Unachukua maji ya damu ya mtu, yaani yale yanayobaki juu damu ikiganda. Unayapasha moto kwenye beseni kwa nusu saa, digrii hamsini na sita, isizidi wala isipungue. Unayachanganya na antijeni, dawa iliyotengenezwa kwa amiba waliokufa. Kisha unatia maji ya damu ya simbilisi, yule mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio, ambayo yana nguvu ya kupasua chembe za damu. Mwisho unatia chembe za damu ya kondoo zilizoandaliwa. Askari wakiwepo, wanakutana na antijeni na kuimaliza nguvu ya simbilisi, kwa hiyo chembe za kondoo zinabaki salama na kutulia chini ya mrija, kitone chekundu. Askari wasipokuwepo, chembe zinapasuka na mrija mzima unakuwa rangi ya sharubati. Kitone ni ndiyo, sharubati ni hapana.

Kazi hiyo ilichukua siku mbili na haikusamehe kitu. Tulifuga simbilisi sisi wenyewe na kondoo mmoja dume aliyekuwa na tabia mbaya. Tulipanga nyumba ya chini ya mfanyabiashara wa Kihindi pale Bagamoyo, yeye akiuza vitambaa upande wa mbele, sisi tukipima damu upande wa nyuma. Barafu ililetwa na lori kutoka Dar es Salaam, imefukiwa kwenye unga wa mbao, na nusu yake ilifika ikiwa maji.

Tuliokuwa pale ni watatu chini ya Bwana Daktari: Mpimaji Mkuu, mimi, na Mzee Kondo, dresa mwenyeji wa Bagamoyo. Yeye ndiye aliyetoa damu na kudunga sindano, akiwa na mkono mwepesi kiasi kwamba watoto walisahau kulia. Kazi yangu ilikuwa daftari, mirija na vibandiko. Na wakati huo, kwa bahati mbaya, nilikuwa na kalamu ya wino mpya. Niliichomeka mfukoni kifua mbele, kila mtu aione.

Alhamisi moja tulikwenda Mlingotini. Jumbe alikuwa ametuandalia kivuli cha makuti karibu na msikiti, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Kila aliyetolewa damu alipewa kikombe cha chai ya maziwa na biskuti. Saa nne hivi wakaja wanawake wawili wamefuatana. Wa kwanza alikuwa bibi mtu mzima, Mwalimu wa chuo cha Kurani cha wasichana, na watu walimpisha njia. Wa pili alikuwa binti aliyeolewa karibuni, amejifunika vizuri, anatazama chini.

“Jina lako, bibi?” nikauliza, baada ya shikamoo na marahaba.

“Mwanahawa binti Juma.”

Nikaandika. Nikamgeukia binti. “Na wewe?”

Binti akatabasamu, bibi akajibu kwa niaba yake. “Huyu somo yangu. Mwanahawa binti Juma vile vile. Juma wake si Juma wangu.”

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Katika daftari nikawapa namba mbili zinazofuatana. Kwenye vibandiko niliandika majina kwa penseli, kwa sababu hilo lilikuwa limeniingia mkononi, na namba nikaziandika kwa kalamu yangu mpya, zikapendeza sana.

Chai ilipokuja, binti alikunywa vikombe viwili. Bibi alisogeza kikombe pembeni kwa ncha za vidole.

“Nimefunga, mjukuu wangu.”

Mwanamke aliyekuwa karibu akanieleza kwa fahari kwamba Mwalimu hakosi funga ya Jumatatu na Alhamisi. Nikaomba radhi kwa kumwekea chai mbele. Nilikuwa nimelelewa vizuri.

Tulirudi Bagamoyo kwa baiskeli, sanduku la barafu limefungwa nyuma yangu. Barafu iliyeyuka njiani. Nilipolifungua sanduku, wino ulikuwa umetiririka wote, vibandiko vimekuwa vya samawati, hakuna hata namba moja inayosomeka. Majina ya penseli yalikuwa pale pale.

Nilishusha pumzi. Jina linatosha, nikajiambia, nikaanza kulinganisha majina na daftari. Kila mtu akapata namba yake. Mwisho nikabaki na mirija miwili mkononi, na yote miwili inasema Mwanahawa bt. Juma.

Nilipaswa kumwambia Mpimaji Mkuu dakika ile ile. Sikumwambia. Niliomba yote miwili iwe sharubati, nikaichomeka katika safu na mingine.

Siku ya pili jioni, Bwana Daktari akiwa amesimama nyuma yetu, tulisoma majibu. Wengi walikuwa sharubati. Wachache walikuwa na vitone hafifu. Kisha ukafika mmoja wa ile miwili, na chini yake palikuwa na kitone kizito, na kitone kikaendelea kuwepo hata pale tulipoyazimua maji ya damu mara kwa mara mpaka tukafika mwisho wa safu. Mrija wa kulinganishia, usiotiwa antijeni, ulikuwa sharubati safi, kwa hiyo kipimo hakikuwa kimekosea.

“Kwa nguvu hizi,” alisema Bwana Daktari polepole, “huyu hana amiba wa tumboni peke yake. Nadhani analo jipu la ini. Ni nani?”

“Mwanahawa binti Juma, bwana,” nikasema. “Wa Mlingotini.”

“Mzee Kondo aanze emetini Jumatatu asubuhi, siku kumi, mgonjwa asiinuke kitandani. Tumewahi, Selemani. Umefanya kazi nzuri.” Akatia saini. Alfajiri yake akapanda lori kwenda Dar es Salaam, arudi baada ya wiki mbili.

Emetini ilikuwa ndiyo dawa yetu ya jipu la ini. Ilimuua amiba, na ikipewa vibaya iliusimamisha moyo wa mtu. Haikuwa dawa ya kujaribia. Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi nikaenda kwa Mpimaji Mkuu nikamweleza yote, wino, barafu, wanawake wawili wa jina moja.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuna kidevu.

“Bwana Daktari akijua, utamwaga unga,” alisema. “Na mimi pamoja na wewe. Asipojua, huenda tukamdunga asiyeumwa na kumwacha mgonjwa afe. Antijeni imebaki?”

“Chupa ya mwisho imekwisha jana. Nyingine iko melini.”

“Mirija ya damu yao umeihifadhi?”

Nilikuwa nimeihifadhi. Akaishika yote miwili kwenye mwanga wa dirisha. Maji ya damu ya mrija mmoja yalikuwa mang’avu, ya manjano kama chai isiyokolea. Ya mwingine, ule uliotoa kitone, yalikuwa meupe mazito kama tui.

“Unaona nini?” akauliza.

Nikaona. Mtu akila chakula chenye mafuta, kwa saa kadhaa mafuta yale yanaogelea kwenye damu na maji yake yanakuwa meupe. Mwenye funga, daku lake limekwisha kitambo, damu yake inakuwa ng’avu. Bibi alikuwa amefunga. Kwa hiyo mrija mng’avu ni wa bibi, na mweupe wenye askari ni wa binti.

“Ni binti,” nikasema, na nikahisi mzigo umeshuka begani.

“Ni binti,” alisema Mpimaji Mkuu. “Na hili libaki humu ndani.”

Jumatatu nilimsindikiza Mzee Kondo. Njiani nilimweleza jambo lenyewe, maana yeye ndiye mwenye sindano na nisingeweza kumficha. Alisikiliza huku akiendelea kukanyaga baiskeli. Nyumbani kwa binti tulikaribishwa na mama mkwe wake. Binti akatoka ndani kwa kanga mbili, na safari hii hakuwa na buibui la kumficha. Mzee Kondo alimtazama mara moja tu, akaliweka chini sanduku la dawa.

“Mama,” alimuuliza mama mkwe kwa sauti ya adabu, “mkweo ni mzito?”

“Alhamdulillahi. Mwezi wa tano huu.”

Mzee Kondo akanivuta hadi nyuma ya nyumba.

“Emetini kwa mwanamke mzito,” alisema. “Mimba inaweza kutoka. Na yeye mwenyewe sijui kama moyo utamvumilia. Una hakika?”

“Nina hakika. Yule mwingine alikuwa amefunga.”

“Nani kakwambia?”

“Mwenyewe.”

“Selemani, wewe ni mtu wa pwani. Ukiandaliwa chakula kwa watu nawe hukitaki, unasemaje?”

“Nasema nimeshiba.”

“Na ikiwa Alhamisi?”

Niliwahi kusema nimefunga mara ngapi mimi mwenyewe, kwa shangazi asiyejua kupika? Bwana Daktari angeuliza swali hilo siku ile ile, kwa sababu hakulelewa na watu wetu. Mimi na Mpimaji Mkuu, kwa adabu zetu, hatukufikiri hata mara moja kwamba Mwalimu angeweza kusema amefunga na hakufunga.

Tukarudi mbele, Mzee Kondo akaeleza kwamba kati ya damu mbili yenye ugonjwa ni ya aliyekula, si ya mwenye funga kama Mwalimu, akamuuliza binti kupitia kwa mama mkwe alikula nini Alhamisi ile.

“Sikula kitu,” binti alijibu. “Tangu jana yake nilikuwa natapika. Ile chai yenu ndiyo iliyokaa tumboni.”

“Uongo,” alisema mama mkwe. “Anaogopa sindano huyu. Alhamisi mimi nilikuwa shamba, lakini wali wa nazi nilimwachia.”

“Ule wali niliwapa kuku, mama,” alisema binti.

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa. Mtu akasema kama ni maneno ya funga basi twende kwa Mwalimu, yakaishe. Hatukuwa na nguvu ya kukataa. Tulikwenda kundi zima, binti katikati, kama anapelekwa kwa kadhi.

Chuo kilikuwa barazani kwa Mwalimu. Wasichana kumi na kitu walikuwa kwenye mikeka, na yeye ameegemea ukuta, mto ameukumbatia ubavuni, upande wa kulia. Niliuona mto ule. Mungu anisamehe, sikuutilia maanani.

Mama mkwe akaeleza kwa haraka. Damu mbili, moja ya aliyekula, moja ya mwenye funga. Mtoto huyu anasema hakula. Kwa hiyo anataka kusema Mwalimu ndiye aliyekula.

“Sikusema hivyo!” binti alilia.

“Unamfanya Mwalimu mwongo mbele ya wanafunzi wake?” mwanamke mmoja akamkemea. “Hawa, mwombe radhi somo yako. Piga magoti.”

Binti akapiga magoti. Alikuwa ameweka mkono mmoja tumboni, na midomo yake ilianza kutamka radhi kwa kosa ambalo hakulitenda. Nilijua kwamba akimaliza kuitamka mambo yatakuwa yamekwisha, kwa sababu baada ya hapo hapana mtu kijijini atakayeamini tena kwamba alitapika. Sindano ilikuwa ndani ya sanduku, hatua mbili kutoka kwake.

Nikasema, “Bibi.”

Wote wakanigeukia.

“Bibi, nisamehe. Nakuuliza kwa sababu dawa hii inaua. Alhamisi ile ulikuwa umefunga kweli?”

Mjue sijapata kuuliza swali la utovu wa adabu kama hilo, kabla wala baada. Mtu na funga yake ni mambo yake na Mola wake. Niliona wanawake wakifunika midomo kwa kanga. Mzee mmoja nyuma yangu alisema, “Laa ilaha illallah.” Mtu mwingine akasema watoto watolewe.

“Waache wakae,” alisema Mwalimu. “Wasikie kwangu, kuliko kusikia kwa jirani.”

Akavuta pumzi fupi fupi.

“Hawa, inuka. Hujamkosea mtu.” Akanitazama mimi. “Sijafunga tangu mwezi wa Rajabu. Ubavu unaniuma hapa, na maumivu yanapanda mpaka bega hili. Usiku natoka jasho, nguo nazikamua. Alhamisi ile nilikunywa samli ya moto kikombe kizima kwa kitunguu saumu, niliambiwa inakata maumivu. Chai yako ilipokuja, harufu ya maziwa ikanichafua roho. Nikasema nimefunga. Ulimi umelizoea neno hilo miaka thelathini, likatoka lenyewe. Kisha huyu mama akakusifia funga yangu, nami nikamwacha akusifie.”

Mrija mweupe ulikuwa wake, na jipu lilikuwa lake. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula, kila mtoto pale alilijua hilo, yeye ndiye aliyewafundisha. Hakuficha kula kwake kwa kuogopa dhambi. Alificha kwa kuwa watu walimpenda kwa funga ile.

Mama mkwe wa Hawa ndiye aliyepata sauti kwanza, na ilikuwa sauti ya kutafuta wa kulaumu. Akanigeukia.

“Lakini ninyi watu wa damu, imekuwaje msijue damu ni ya nani?”

Jibu nilikuwa nalo. Ilikuwa zamu yangu, na bibi wa miaka sitini alikuwa amekwisha kunionyesha namna ya kufanya.

“Ni utaratibu wa Serikali, mama,” nikasema. “Majibu mazito lazima yahakikishwe kwa mgonjwa mwenyewe.”

Mzee Kondo alikuwa anafungua sanduku. Hakuinua macho.

Mwalimu alidungwa siku kumi, amelazwa ndani, na mkwewe akimwangalia. Siku ya tatu homa ilianza kushuka. Siku ya saba aliomba uji mwenyewe, akaumaliza. Wazazi wawili waliwaondoa binti zao chuoni kwake, mmoja akamrudisha baada ya mwezi. Hawa alijifungua salama mtoto wa kiume, na alimpeleka kwa somo yake kuombewa dua kabla ya kumpeleka kwa mama mkwe, jambo lililozua maneno lakini mimi lilinifurahisha.

Siku ya kumi nilikwenda na Mzee Kondo. Yeye alipokuwa anachemsha sindano uani, nilikaa mlangoni mwa chumba cha Mwalimu, mkwewe akiwepo.

“Mjukuu wangu,” alisema, “siku ile uliniuliza mbele ya watu.”

“Nisamehe, bibi.”

“Nimekwisha kusamehe, usingeniuliza ningekuwa udongoni. Nataka kujua jambo moja. Wewe mwenyewe, si ninyi wote, nani alikuuliza?”

Sikujua alijuaje kwamba nami nina la kuulizwa. Labda Mzee Kondo. Labda hakuambiwa na mtu. Alikuwa amefundisha watoto maisha yake yote, na uso wa mtoto anayeficha kitu alikuwa anaujua.

“Hakuna aliyeniuliza, bibi.”

“Una bahati,” alisema. Kisha, baada ya kutafakari, “Au huna.”

Bwana Daktari aliporudi alifurahi sana. Aliandika katika ripoti yake kwamba kipimo cha askari kilimgundua mgonjwa ambaye asingegunduliwa kwa choo, na hilo ni kweli tupu. Akanipendekeza kwa mafunzo. Kutokana na pendekezo lile nikawa mpimaji kamili, kisha mpimaji mwandamizi, kisha, baada ya Uhuru, mkuu wa maabara. Kila ngazi niliyopanda ilisimama juu ya ile ya kwanza. Mpimaji Mkuu alikufa bila kulifichua jambo lile. Mzee Kondo naye. Bwana Daktari alirudi kwao, akawa ananiandikia kadi kila mwaka mpaka kadi zikakoma.

Siku ya kunistaafisha walichinja mbuzi. Mkurugenzi, kijana niliyemfundisha mwenyewe kuosha chupa, alisimama akasema kwamba katika miaka yote ile Mzee Selemani hajapata kuchanganya sampuli hata moja. Watu wakapiga makofi. Mke wangu alifuta machozi. Kisha wakaniambia nami niseme neno, na nikaona nafasi imefunguka mbele yangu, pana kabisa, watu wananipenda, hakuna wa kunifukuza kazi kwa kuwa kazi yenyewe imekwisha. Nilikuwa sipotezi kitu.

Nikashukuru Serikali, nikawashukuru wapishi, nikakaa.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini. Sikuogopa adhabu. Niliogopa makofi yatakoma. Ndipo nilipomwelewa bibi yule, na ndipo nilipojua alikuwa na moyo kiasi gani, mgonjwa vile, barazani kwake, watoto wote wanamtazama.

Mmeniandikia pia mkitaka kujua siri ya kufanya kazi ya maabara miaka mingi bila kosa. Swali lenu silijui jibu lake, ila kwa mara ya kwanza mtu ameniuliza mimi mwenyewe. Mirija ile miwili ya Mlingotini niliichanganya mimi.